Samaki Kumi na Wanne Walioachwa Kwenye Buluu

Saa moja na nusu asubuhi. Korido ya ghorofa ya chini bado inanuka dawa ya kupigia deki, na mlango wa chumba namba nane uko wazi. Ndani, mwanamke mwenye koti la maabara lililofuliwa mpaka likapauka ameinama juu ya kisahani cha kioo. Anamgeuza samaki mwenye urefu wa punje ya mchele.

Hatumii kibano. Anatumia unyoya wa kuku alioukata ncha kwa wembe. "Chuma kinamvunja shingo kabla hamjafahamiana," anasema bila kuinua kichwa.

Samaki huyo hana nyama ya kuonekana tena. Mwili umekuwa mwangavu kama tone la maji, na ndani ya tone hilo mifupa imesimama myekundu, gegedu, ule mfupa laini, imekaa na ubuluu wake, kila mwiba mahali pake. Mwanamke anasogeza jicho kwenye hadubini na kuhesabu kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto alale. "Kichwa. Kisogo. Shuka. Shuka tena. Hapa."

Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti, anaivaa, anatazama tena.

"Kipo," anasema. "Na huyu naye anacho. Tisa kwa tisa."

Anachokitazama ni kijiti chekundu, chembamba kuliko ukope, kilicholala peke yake kati ya kisogo na pezi la mgongoni. Ukikitazama kwa macho matupu hukioni. Wako wasomi ambao hawakukiona hata kwa hadubini, wakaandika kwamba hakipo.

Kwa ajili ya kijiti hicho, Mama Rangi amepoteza kazi. Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka ishirini na minne katika chumba hiki, anarudisha ufunguo.

Jina la Mama Rangi alipewa na mtunza stoo wa jengo, mwanamume mnene, mwepesi wa mizaha, ambaye mwenyewe anaitwa Funguo kwa sababu akitembea analia kama kengele. Ni jina lililomganda. Kidole gumba cha mkono wa kulia wa Mama Rangi na kinachokifuata vina rangi ya zambarau isiyotoka kwa sabuni wala kwa limau.

Ana miaka hamsini na mmoja na watoto watatu, ambao amewalea peke yake tangu yule wa mwisho akiwa wa kubebwa mgongoni. Aliingia katika jengo hili kama mfagiaji. Fundi aliyekuwa hapa zamani, mzee aliyekaribia kustaafu, alimwona akikausha vyombo vya kioo bila kuacha alama hata moja, akamwita. "Akaniambia, binti, mkono wako una adabu. Njoo nikufundishe kitu."

Kilichofundishwa kilichukua miaka miwili. Kukitumia kumechukua maisha.

Kazi yenyewe, kwa maneno mepesi, ni kuvua samaki nyama bila kumgusa. Watoto wa samaki, wale wadogo kabisa ambao wataalamu huwaita lava, hutumbukizwa katika rangi ya buluu inayoshika gegedu. Kisha huwekwa katika maji yenye unga unaosaga nyama taratibu, wa aina ile ile inayosaga chakula tumboni mwa mtu. Kisha rangi nyekundu inayoshika mfupa. Mwisho gliserini, na hapo samaki anabaki mifupa mitupu iliyovaa kioo. Tangu alipoanza, Mama Rangi amewaandaa zaidi ya samaki elfu kumi na moja. Amewachora zaidi ya elfu mbili.

Kwa nini watoto, na si samaki wakubwa?

Anacheka kidogo. Ni swali analolipenda, na kwa dakika chache uso wake unalegea.

"Samaki mzima ni kama mtu aliyevaa sare ya kazi. Ukiwatazama kumi mlangoni, wote sawa. Ukitaka kujua huyu ni wa nyumba ipi, mtazame akiwa mchanga, hajavaa kitu. Mifupa iko mmoja mmoja, haijaungana. Akikua inashikana, mingine inamezwa na jirani yake, na ushahidi umekwisha. Mimi nimelea watatu. Mtoto akizaliwa unamwona babu yake waziwazi usoni, halafu baada ya mwezi babu ameondoka."

Ndivyo wasomi wanavyotafuta undugu wa familia za samaki: nani ni ndugu wa nani, nani alitengana na nani zamani za kale. Na ndivyo lilivyozuka suala la wale ambao Mama Rangi anawaita Kofia.

Kofia wana jina refu la kitaalamu ambalo yeye hulitamka bila kujikwaa, lakini halitumii. Anawaita hivyo kwa sababu watoto wao huzaliwa na kofia ya mifupa yenye miiba. Wakikua, kofia hupotea, na samaki wazima hufanana sana na familia nyingine ambayo yeye huiita Bapa. Wako pia Midomo, ambao hawafanani na Kofia hata kidogo. Swali lililogombaniwa kwa miaka ni je, Kofia ni ndugu wa Bapa au wa Midomo?

Jibu lilikuwa kwenye kijiti kile cha mgongoni. Midomo wanacho wakiwa wachanga. Bapa hawanacho kabisa. Ilibaki kumtazama mtoto wa Kofia.

Watoto wa Kofia ni adimu. Miaka saba iliyopita, wavu mmoja uliwaleta ishirini na watatu kwa mpigo. Profesa, mkuu wa maabara, aliwaleta mwenyewe, chupa ameikumbatia kifuani. "Alikuwa kama mtu aliyetoka kupata mapacha," anasema Mama Rangi.

Walikubaliana aanze na kumi na wanne, tisa wabaki kwenye spiriti kwa akiba.

Hapa anasimama, anafungua kabati, anatoa chupa ya rangi ya buluu, anaiweka mezani. Anafungua kifuniko. Harufu ya siki inapanda.

"Huyu ndiye mwenye kesi," anasema. "Buluu haishiki mpaka uichanganye na asidi. Asidi inakula chokaa ya mfupa. Nyekundu nayo inashika chokaa tu. Sasa ukimwacha samaki kwenye buluu kupita muda, chokaa inaliwa. Ukija na nyekundu haina pa kushika. Mfupa uko pale pale, lakini umekuwa kama maji. Utaapa kwamba haupo."

Kwa samaki wa ukubwa ule, muda ni saa sita. Mtu akizidisha anacheza.

Ilikuwa Ijumaa. Aliwatumbukiza Kofia kumi na wanne saa tatu asubuhi. Saa tano simu ikalia kutoka shuleni kwa binti yake wa mwisho, wakati huo ana miaka tisa. Pumu ilikuwa imembana na midomo imeanza kubadilika rangi.

Mama Rangi anakumbuka maneno yote yaliyosemwa mlangoni kwa Profesa, kama mtu anavyokumbuka ajali.

"Profesa, mtoto amezidiwa. Na nina Kofia kwenye buluu. Saa tisa watolewe, waingie kwenye maji ya kusuuzia."

"Nenda, mama, nenda. Saa tisa. Nitawatoa mwenyewe."

"Saa tisa kamili, Profesa. Wasipitilize."

"Mama Rangi. Mwongozo wa hizo rangi niliandika mimi."

Akaenda. Mtoto alilazwa siku mbili, na mashine ya hewa usoni. Jumamosi mchana, mama yake alishtuka kwenye benchi la wodi na kumwambia nesi, "Samaki wangu sijui kama wametolewa." Nesi alidhani ana biashara ya samaki. "Mama, kama wameoza wameoza. Wewe kaa na mtoto."

Jumatatu saa mbili asubuhi alifungua chumba namba nane. Kofia walikuwa pale pale alipowaacha. Profesa alikuwa ameondoka Ijumaa saa nane kwenda kwenye kongamano.

Kabla hajawatoa, alichukua kitabu cha siku, daftari kubwa ambamo kila kazi ya maabara huandikwa, akaandika kwa kalamu: Kofia 14. Wamekaa kwenye buluu tangu Ijumaa saa tatu hadi leo saa mbili. Mifupa midogo isihesabiwe.

Profesa aliporudi, alimwendea.

"Hawakutolewa, Profesa."

"Aa. Nilipitiwa. Kwani wameharibika?"

"Gegedu nzuri. Mifupa mikubwa itashika kidogo. Midogo siwezi kuiapia."

"Endelea na nyekundu, tuone."

Wakaona. Samaki walitoka wazuri, anasema, na hilo ndilo linalomuuma zaidi. Mtu asiyejua angewaweka kwenye fremu. Mifupa minene ilishika wekundu hafifu. Kati ya kisogo na pezi palikuwa peupe. Profesa alihesabu kumi na wanne wote, akainuka kwenye kiti akiwa amejaa furaha.

"Hakipo, Mama Rangi. Hata kwa mmoja."

"Hakipo, Profesa, au hakikushika rangi?"

"Akacheka," anasema. "Akaniambia, mama, wewe chora unachokiona. Basi nikachora nilichokiona."

Makala ilitoka kwenye jarida kubwa. Kofia wakatangazwa ndugu wa Bapa. Koridoni likabandikwa bango lenye mti wa ukoo wa samaki, tawi kwa tawi, na michoro kumi na miwili ya Mama Rangi kuuzunguka. Maabara ikapata hadubini mpya, ambayo lenzi yake moja ni bei ya mshahara wake wa miezi saba. Mwishoni mwa makala, kwa herufi ndogo, waliandikwa watu wa kushukuriwa: waliotoa fedha, waliotoa mashua, mke wa Profesa kwa uvumilivu wake, na "wafanyakazi wa maabara."

"Nilikuwa peke yangu chumba hiki," anasema Mama Rangi. "Kwa hiyo wafanyakazi ni mimi na ndoo."

Miaka ikaenda. Mwaka jana, watafiti wa nchi nyingine walipata mtoto mmoja wa Kofia, mkubwa kidogo kuliko wale, wakampiga picha kwa mashine inayoona mfupa bila rangi. Kijiti kilikuwepo.

Profesa alituma sahihisho kwenye jarida. Lilikuwa aya moja.

Funguo ndiye aliyelichapa kwenye karatasi na kumletea. "Dada, humu umetajwa," alimwambia. Aliambiwa tu hivyo koridoni; yeye mwenyewe hakuwa amelisoma, lugha ni ya kigeni. Mama Rangi akalikunja, akaenda nalo nyumbani.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kijibaraza cha saruji anakofulia. Jioni ile alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Binti yake, ambaye sasa ana miaka kumi na sita na lugha za kigeni ndizo mchezo wake, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufungua karatasi.

"Umeandikwa, Mama."

"Ngoja kwanza nikaushe mikono," mama alimwambia.

Anasimulia sehemu hii akiwa ameuangalia unyoya wa kuku. Alikausha mikono. Alikaa. Alivuta hata kilemba vizuri, kama anayepigwa picha. Kisha binti akatafsiri: kosa katika makala ya awali lilitokana na uzembe wa fundi wa maabara, ambaye aliwaacha samaki kwenye rangi kupita muda uliowekwa.

Miaka ishirini na mitatu, na ndiyo mara ya kwanza kutajwa.

"Nikamwambia, soma tena. Akasoma. Nikamwambia haya, inatosha, kunja." Lakini binti hakukunja. Alikuwa ameona tarehe ya wale samaki kwenye sahihisho, na tarehe ile aliijua. Kadi yake ya hospitali iko kwenye droo ya kabati, na kila akienda kliniki huiona.

"Mama. Hii si ndiyo Ijumaa niliyolazwa?"

Mama yake hakujibu upesi. Anasema hapo ndipo alipokosea, kwa kuchelewa kujibu.

"Kwa hiyo ni mimi," binti akasema.

Tangu jioni ile, binti akibanwa kifua hutoka nje. Huchukua ile pampu yake ya pumu akaificha kwenye mkono wa sweta, akaenda nyuma ya duka, kwenye mabati, akavutia huko. Akirudi anasema alikuwa anaanua nguo.

"Kazi wanaweza kuichukua," Mama Rangi anasema. "Wameichukua. Lakini mtoto wangu anajificha kupumua. Hilo siwaachii."

Barua ya kutoongezewa mkataba ilikuja miezi mitano baada ya sahihisho. Ilitaja mambo mawili: imani ya maabara kwake imepungua, na hana cheti. Cheti hakuwa nacho hata siku aliyoajiriwa. Shule aliiacha kidato cha pili.

Alilitafuta lile daftari. Vitabu vya siku vya zamani hufungiwa stoo, na Funguo alitafuta wiki nzima kati ya maboksi. Alikipata kitabu chini ya mapipa ya spiriti, kurasa zimevimba lakini maandishi yanasomeka.

"Nilimletea nikiwa nimekipakata kama keki ya harusi," anasema Funguo. "Nikamwambia, dada, sasa wajibu." Anatikisa kichwa, na funguo zote zinatikisika naye. "Wakajibu kweli."

Mkuu wa idara, mwanamke mpole mwenye shughuli nyingi, aliusoma ukurasa mara mbili. Alikiri kwamba unasema kweli. "Lakini akaniambia, mama yangu, sahihisho limeshatoka. Hakuna utaratibu wa kusahihisha sahihisho. Akanipa chai."

Profesa, alipotafutwa kwa simu, alizungumza bila hasira. "Yule mama ana mkono wa dhahabu, sijapata kuona mfano wake. Siku ile siikumbuki vizuri. Kwenye maabara kila mtu ana wajibu wake, na rangi ilikuwa wajibu wake." Alipoulizwa kama aliahidi kuwatoa samaki saa tisa, alisema ana kikao.

Lakini Mama Rangi hajiachi salama. Ukikaa naye muda wa kutosha, anakuambia kosa ambalo ni lake kweli.

"Niliandika kwenye kitabu. Sikuandika kwenye lebo."

Katika fani hii kila chupa ina lebo, nayo haibandikwi nje. Inakaa ndani, imezama pamoja na samaki. Ni karatasi ngumu, upana wa vidole viwili, iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye spiriti na penseli haiyeyuki. Vitabu huliwa na mchwa, makala husahihishwa, watu hustaafu. Lebo hubaki na samaki wake, hata miaka mia. Anayefungua chupa husoma lebo kwanza.

"Lebo ya wale kumi na wanne inasema wavu, tarehe, kina cha maji, mkusanyaji Profesa. Haikuwa na mstari wa kuandika kilichowapata. Nikaona nisichafue lebo. Ningeandika pale, hata yeye asingethubutu kuwahesabu. Nilifanya usafi mahali pasipotaka usafi."

Na kuna sheria moja, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa stoo. Lebo haitolewi kwenye chupa. Hata iwe na kosa, hata mtu aje na ushahidi gani, haitolewi wala haifutwi. Kinachoruhusiwa ni kuongeza nyingine kando yake.

"Hata akija waziri," anasema Funguo, ambaye sheria hiyo ndiyo fahari yake. "Atoe chupa, anitoe hata mimi. Lebo hapana."

Wiki tatu zilizopita, alipoambiwa amalizie kazi zilizobaki, Mama Rangi alichukua chupa ya wale tisa wa akiba, ndugu wa wavu mmoja na wale kumi na wanne. Aliwaandaa mmoja mmoja. Saa sita kwenye buluu, hakuna dakika ya ziada. Binti yake akitoka shule alikuja kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akashika saa ya simu na kusema, "Bado kumi. Bado tano. Toa, Mama."

Wa tisa ndiye aliyeonwa asubuhi ya leo. Ndiye mkubwa kuliko wote, na ana jambo ambalo watafiti wa ile nchi nyingine hawakuliona. Kijiti chake kimeanza kuinama na kugusa mfupa wa jirani.

"Ona," anasema Mama Rangi, na anasogeza kiti ili mgeni atazame. "Anakaribia kumezwa. Ndiyo maana kwa mtu mzima hakionekani. Kimeingia kwa mwenzake. Na Midomo wanafanya hivi hivi, kwa mfupa huu huu, kwa upande huu huu. Hawa ni ndugu. Hata mtoto wa shule anaona."

Amewachora wote tisa. Michoro imelala mezani chini ya karatasi laini, nukta ndogondogo za penseli zilizokaa kama pumzi juu ya kioo. Profesa ameshaiomba, kwa makala mpya. Ametuma salamu kwa mkuu wa idara: iwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi.

"Ataipata. Ni mali ya idara," anasema. "Na mimi nitakuwa wafanyakazi wa maabara."

Saa tisa unusu alasiri, binti anaingia na begi la shule, shati limetoka kwenye sketi. Anamwamkia Funguo aliyesimama mlangoni na chupa mbili mikononi, ya wale tisa na ya wale kumi na wanne.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mama yako anaandika barua kwa watu ambao hawajazaliwa. Kaa tushuhudie."

Mama Rangi anachonga penseli kwa wembe mpaka ncha inakuwa kama sindano. Kwenye lebo mpya ya wale tisa anaandika muda wa buluu, muda wa nyekundu, na maneno mawili: Kifupa kipo. Chini anapiga mstari ambao lebo za jengo hili hazijawahi kuwa nao, anaandika: Aliyewaandaa na kuwachora, Mama Rangi.

"Jina la kwenye kitambulisho humu ndani hakuna anayelijua," anasema. "Wakiuliza, waulize kwa hilo."

Kisha anavuta lebo ya pili. Mkono unatua kidogo kabla ya kuanza. Binti amesogea, anasoma juu ya bega la mama yake kadiri herufi zinavyotoka.

Samaki 14. Walikaa kwenye buluu Ijumaa saa tatu hadi Jumatatu saa mbili. Profesa aliahidi kuwatoa saa tisa, akasahau. Mifupa midogo isihesabiwe. Mama Rangi.

Binti anasoma mpaka mwisho. Anarudia.

"Mbona hujaandika kwa nini uliondoka?"

"Niliondoka kwa sababu ilikuwa lazima niondoke," anasema mama yake. "Hilo halihusu samaki."

Funguo anazishika funguo zake zisilie. Mama Rangi anaikunja lebo kwa urefu, anaitumbukiza shingoni mwa chupa kwa kibano, na karatasi inazama polepole mpaka inalala kando ya ile ya zamani.

Harufu ya dawa za chupa imejaa chumbani. Binti anaanza kupumua kwa mlio, ule mlio mwembamba ambao mama yake anaujua hata usingizini. Anatazama mlango. Kisha anafungua mfuko wa begi, anatoa pampu, anaitikisa, anavuta mara mbili, pale pale kwenye kiti cha plastiki, mbele ya mama yake.

Mama Rangi anafunga kifuniko cha chupa na kukikaza kwa kitambaa. Inachukua muda mrefu kidogo kuliko inavyohitaji.

Mwezi ujao hana mshahara. Amejiandikisha masomo ya jioni, aanzie kidato cha tatu, apate hicho cheti ambacho barua ilisema hana. Binti amemwahidi kumsaidia lugha, na amemwonya kwamba hataki mwanafunzi mbishi. Kuna shule ya sekondari inayotafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara, na ameomba. Anajua amerudi pale alipoanzia na kitambaa mkononi.

Akiulizwa anatumaini nini, hamtaji Profesa wala idara.

"Miaka hamsini, labda sitini, kuna msichana atafungua hii chupa," anasema. "Ataisogeza lebo kwa kibano mpaka kwenye kioo, atasoma. Atasema, kumbe. Basi. Nataka hiyo kumbe yake tu."

Anampa Funguo chupa zote mbili. Funguo anazipokea kwa mikono miwili na kuzipeleka stoo, rafu ya juu, mahali pasipofikiwa na maji ya deki.